Mti wa Chitambo

Kimwani, kusini mwa wilaya ya Muleba, mti mkubwa ukianguka kibanjani haulali peke yake kwa muda mrefu. Wa kwanza kufika ni watoto, ambao asubuhi hiyo wanajikuta wakitembea juu ya matawi waliyozoea kuyatazama kwa kukunja shingo. Wa pili ni mpasuaji mbao. Huyu hasemi kitu. Analizunguka shina, analigonga kwa mgongo wa panga asikilize kama ndani kumeoza, kisha anahesabu kimoyomoyo mbao zitakazotoka. Wa tatu ni mchoma mkaa, naye hana haraka, maana anajua chote kitakachokataliwa na mpasuaji ni chake. Mwenye mti huwa wa mwisho kusema, na mara nyingi asemalo ni dogo: "Kipande kile niachieni."

Historia hii ni ya kipande kile. Kinaweza kuwa kigoda, kizingiti cha mlango, rafu ya sebuleni, fremu ya picha ya marehemu au msalaba mdogo juu ya kitanda. Hakitengenezwi kwa sababu mbao zimeadimika, kwani mbao zinauzwa. Kinatengenezwa kwa sababu chini ya mti ule watu walichambua kahawa, walipatanishwa, walimsubiri mgonjwa arudi kutoka hospitali, na sasa mti haupo.

Fundi mzuri akiitwa atamwambia mwenye mti asubiri. Mti uliotoka kuanguka umejaa maji, na ubao unaokaushwa juani kwa pupa hupasuka kuanzia kichwani au hujikunja ukakataa kulala mezani. Mbao hupangwa kivulini, kila mmoja ukitenganishwa na mwenzake kwa vijiti ili upepo upite, na ncha zake hupakwa rangi au nta zisije zikakauka kabla ya katikati. Kwa ubao mnene hiyo ni kazi ya miezi mingi, pengine mwaka na zaidi. Tena miti haifanani tabia. Kiini cha mvule ni kigumu, mchwa hukikwepa, na rangi yake ya manjano hukolea na kuwa hudhurungi kadiri ubao unavyozeeka. Musizi hukua haraka, mbao yake ni nyepesi na haisumbui randa, lakini ukiiacha penye unyevu imekwenda. Mwembe watu huudharau, kumbe ukipigwa msasa vizuri hutoa mistari ya kupendeza. Shida yake ni wadudu. Usipowahi kuupaka dawa huubungua kimyakimya, mpaka siku unaona unga sakafuni chini ya kigoda chako.

Yaliyobaki ni ya patasi, tezo na vanishi. Ufundi, hata hivyo, haujibu swali la kwa nini mtu huyu hakwenda dukani kununua ubao uliokwisha kukauka. Ili kulijibu inabidi tutoke kibanjani, kwanza tupande kaskazini kidogo, halafu twende mbali sana.

Katuruka, eneo la Maruku, si mbali na mji wa Bukoba, palikuwa na mti mkubwa mno uliojulikana kwa jina la Kaiija. Wazee walilifasiri jina hilo kuwa ni mahali pa kufulia chuma. Walisimulia kwamba Rugomora Mahe, mfalme wa Kyamutwara aliyetawala katika karne ya 17, aliwakusanya wahunzi wamjengee mnara wa chuma wa kufika mbinguni, na mnara ukaanguka. Mwaka 1969 alifika kijana Mmarekani, Peter Schmidt, akitafiti historia ya Buhaya. Hakuwacheka. Aliwasikiliza kwa miezi, halafu mwaka 1970 akachimba pale walipomwonyesha. Akakuta mabaki ya uhunzi na ya uyeyushaji wa chuma, pamoja na makaa ambayo vipimo vya kaboni viliyapa umri wa zaidi ya miaka 2000.

Tuache kidogo habari ya mnara. Karne 20 zilikuwa zimepita, wafalme wameingia na kutoka, koo zimehama, dini zimebadilika, na bado watu wa Katuruka walijua kwamba hapa, si pale kwenye mgomba ule, chuma kilifuliwa. Walijua kwa sababu mahali palikuwa na jina na alama yake ilikuwa mti. Baadaye, miaka ya 1970, Schmidt na mhandisi Donald Avery waliwaomba wazee waliokumbuka kazi hiyo wajenge tena tanuru na kuyeyusha chuma, na matokeo yakachapishwa katika jarida la Science mwaka 1978. Ulimwengu ulistaajabia joto la tanuru. Mimi hustaajabia zaidi mti. Tanuru zilikula mkaa, na mkaa ni msitu uliokatwa. Katika nchi iliyochoma miti mingi namna ile kupata chuma, kumbukumbu yenyewe ya chuma iliwekwa chini ya mti uliosimama.

Kaiija haukuandikwa herufi hata moja. Mti wa pili uliandikwa, na kwa sababu uliandikwa, ulikatwa.

Ulikuwa mpundu, mti wa porini wenye matunda ya kuliwa, uliosimama karibu na kijiji cha mtemi Chitambo, kusini mwa kinamasi cha Bangweulu, katika nchi ambayo leo ni Zambia. Mwishoni mwa Aprili 1873 watu waliingia kijijini hapo wakiwa wamembeba mzungu kwenye machela. Mvua ilikuwa imewanyeshea kwa majuma, na mgonjwa alikuwa anatoka damu. Walimjengea kibanda. Alfajiri ya tarehe 1 Mei kijana mmoja, Majwara, aliyetokea Buganda, jirani kabisa na sisi wa Kagera, aliwaita wenzake. Walimkuta David Livingstone amepiga magoti kando ya kitanda, uso kwenye mto, amekwisha kufa.

Kwa kawaida hapa msimulizi wa Ulaya humwangalia maiti. Sisi tuwaangalie waliobaki wamesimama mlangoni. Abdullah Susi alitoka Shupanga, kwenye mto Zambezi, na alikuwa ameajiriwa na Livingstone tangu 1863. James Chuma alikuwa Myao, aliyekombolewa akiwa mtoto kutoka kwenye msafara wa watumwa mwaka 1861. Wote wawili walikuwa wamefika naye Bombay, na mwaka 1866 wakaondoka naye Mikindani kuingia bara. Jacob Wainwright, naye Myao aliyekombolewa utumwani, alisomeshwa na wamisionari huko Nasik, India, na alikuwa amefika mwaka uliotangulia pamoja na kundi lililotumwa na Stanley, msafiri aliyekuwa amekutana na Livingstone Ujiji. Alijua kusoma na kuandika Kiingereza. Kulikuwa na wapagazi kadhaa wengine, wanaume na wanawake, wengi wakiwa watu wa pwani na Unyamwezi.

Watu hao wangeweza kumzika palepale na kurudi makwao. Wakakaa kikao. Waliamua maiti ifike pwani, ili isije ikasemwa kwamba wamemwua au wamemtupa. Safari ilikuwa ya zaidi ya kilomita 1500, kwa miguu, kupitia nchi ambazo kupita na maiti ni kuchokoza vita. Kwanza walimficha Chitambo, wakiogopa faini. Chitambo alipojua aliwashangaza: hakutoza wala hakukasirika, bali alikuja na watu wake kuomboleza, ngoma zikapigwa.

Farijala, ambaye alikuwa amewahi kumtumikia daktari Unguja, ndiye aliyepasua maiti. Moyo na matumbo viliwekwa ndani ya kopo la bati lililokuwa la unga, likazikwa chini ya ule mpundu. Wainwright akasoma sala ya mazishi. Mwili ulipakwa chumvi, ukaanikwa juani siku 14, kisha ukafungwa kwa kitambaa na kuingizwa ndani ya gome la mti lililobanduliwa zima likawa kama bomba. Nje wakashona turubai na kulipaka lami.

Msomaji wa Kagera hatashangaa sana na gome hilo. Nchi za maziwa zilivaa gome na kuzika wafu wao kwa gome karne nyingi kabla ya sanda ya pamba kufika kwa wachuuzi. Utengenezaji wa nguo za gome la mkuyu huko Buganda ulitangazwa na UNESCO mwaka 2005 kuwa miongoni mwa urithi wa binadamu. Watu waliomfunga Livingstone hawakuwa Wahaya wala Waganda, isipokuwa Majwara, lakini walifanya jambo ambalo mkongwe wa kwetu angelielewa bila kuelezwa: mtu amesitiriwa na mti.

Kabla ya kuondoka Wainwright alichukua kisu akachonga maneno katika gome la mpundu. Aliandika jina la Livingstone, tarehe, na majina matatu ya wenzake. Tarehe aliyochonga ni 4 Mei, wakati kitabu cha safari za mwisho za Livingstone kilichotolewa London mwaka 1874 kwa msaada wa Susi na Chuma kinasema alikufa tarehe 1. Wanahistoria wamebishana juu ya siku hizo tatu. Nadhani mtu aliyechonga kwenye gome baada ya kazi ya kutisha namna ile ana haki ya kukosea hesabu ya siku, kama kweli ndiye aliyekosea.

Wakasimamisha pia nguzo mbili na mti wa kukingamisha juu, mfano wa fremu ya mlango, wakazipaka lami zisioze. Wakamwomba Chitambo apalilie nyasi kuzunguka mti ili moto wa kiangazi usiuguse. Mtemi alikubali, ila alisema wazi kilichomtia wasiwasi. Hakujua yeye na watu wake wangekaa pale hadi lini, kwa kuwa wapiganaji walioitwa Wamazitu walikuwa wakivamia. Tena mti mkubwa kama ule unaweza kukatwa siku moja na mtu anayetafuta mtumbwi.

Hofu hiyo mtu wa Ziwa Viktoria anaielewa mara moja. Karibu na maji, kila shina nene lililonyooka lina macho ya mchonga mtumbwi juu yake tangu likiwa changa. Chitambo hakuwa anatoa mfano. Alikuwa anasema jambo ambalo kwa kawaida hutokea.

Msafara uliondoka. Sitausimulia wote, ingawa unastahili kitabu chake wenyewe. Watu kadhaa walikufa njiani. Kwihara, karibu na Tabora, Oktoba 1873, walikutana na Luteni Cameron wa jeshi la majini la Uingereza, ambaye aliwashauri wamzike hapohapo. Walikataa. Mbele zaidi, mahali paitwapo Kasekera, wenyeji waligoma kupitisha maiti. Wasafiri wakatengeneza furushi la mabua ya mtama, wakalivalisha kama maiti, wakawatuma wenzao warudi nalo hadharani kana kwamba wanakwenda kulizika Unyanyembe, huko Tabora walikotoka. Usiku wale wenzao wakayatupa mabua porini. Maiti yenyewe ikafungwa upya kama mtumba wa nguo na ikaendelea kupita mbele ya macho ya watu. Februari 1874 walifika Bagamoyo, wakaikabidhi, na wengi wao wakalipwa ujira na kuambiwa waende zao. Ni Wainwright pekee aliyepelekwa Uingereza pamoja na jeneza. Tarehe 18 Aprili 1874 Livingstone alizikwa Westminster Abbey, na Jacob Wainwright alikuwa miongoni mwa walioshika kamba za kitambaa cha jeneza. Susi na Chuma waliitwa baadaye, wakafika mazishi yamekwisha.

Huku nyuma mpundu ulibaki peke yake na moyo chini yake na maneno ubavuni. Miaka 20 baadaye, mwaka 1894, msafiri E. J. Glave alifika na kukuta maandishi bado yanasomeka. Watu wa Chitambo hawakuukata kwa ajili ya mtumbwi. Kilichoushinda mti hakikuwa shoka la mvuvi, bali wadudu na kuoza. Mwaka 1899 Robert Codrington, msimamizi wa utawala wa Waingereza katika eneo lililoitwa wakati huo North-Eastern Rhodesia, aliamuru mti ukatwe. Sehemu ya shina yenye maandishi ilibebwa hadi pwani na kupakiwa melini kwenda London, kwenye chama cha jiografia, Royal Geographical Society. Palipokuwa mti pakajengwa mnara wenye msalaba juu.

Ninamwelewa Codrington, na sehemu yangu moja inamkasirikia. Mti ulikuwa unakufa, na kama asingeukata, maneno yangeanguka pamoja na gome na yasingebaki hata alama. Kila mwenye mti anayesema "kipande kile niachieni" anafanya hesabu hiyohiyo. Lakini Codrington hakuwa mwenye mti. Mti ulikuwa wa Chitambo, ulilindwa na watu wa Chitambo, uliandikwa na Myao, na aliyesema "niachieni kipande" alikuwa mgeni asiyekuwepo siku ile mvua iliponyesha.

Kupenda kipande cha mti uliosimama karibu na mtu mashuhuri si ugonjwa wa Waingereza wa Afrika tu. Kwao wenyewe, mjini Stratford, katika miaka ya 1750, kasisi mmoja aitwaye Francis Gastrell aliukata mforsadi uliosemekana kupandwa na Shakespeare kwa mkono wake, kwa kuwa alichoshwa na wageni waliokuja kuuchungulia. Thomas Sharpe, fundi saa wa mji huo, alinunua mbao zake na kwa miaka mingi akauza visanduku, vikombe na vikolokolo vilivyochongwa humo. Viliendelea kutoka, na kutoka, mpaka watu wakaanza kuuliza mti huo ulikuwa na ukubwa gani. Mwaka 1799, akiwa mgonjwa wa kufa, Sharpe alikula kiapo mbele ya mashahidi kwamba hakuwahi kuuza kipande cha mti mwingine. Mtu asiyeshukiwa halazimiki kuapa akiwa kitandani.

Kwetu Afrika Mashariki wapo walioshika njia nyingine. Ujiji, kando ya Ziwa Tanganyika, ulikuwapo mwembe ambao chini yake, kwa maelezo ya Stanley, yeye na Livingstone walikutana tarehe 10 Novemba 1871. Mwembe ule ulikufa. Miembe inayosimama leo kwenye makumbusho ya pale inasemekana ilitokana na vipandikizi vyake, na mlinzi wa makumbusho hukuelekeza kivulini kwake kana kwamba ni uleule. Thika, nchini Kenya, mugumo uliohusishwa na utabiri wa Mugo wa Kibiru ulianguka mwaka 1963, mwaka wa uhuru, kama ilivyokuwa ikisimuliwa kwamba mti huo ukianguka wakoloni wataondoka. Mugumo kwa Wakikuyu ni mti wa sala. Hakuna aliyekimbilia kuupasua mbao za sebule.

Na kwa kuwa nimemtaja Stanley, mtu wa Muleba hawezi kupita bila kusema neno. Huyu aliyepigiwa makofi kwa mkutano wa Ujiji ndiye aliyerudi kwenye Ziwa Viktoria mwaka 1875, akagombana na watu wa kisiwa cha Bumbire mwezi Aprili, na tarehe 4 Agosti akarudi na bunduki nyingi akawapiga risasi wakiwa ufukweni. Watu wengi walikufa. Bumbire leo ni sehemu ya wilaya ya Muleba. Ujiji wana miembe ya kukumbukia, sisi tuna ufukwe.

Kipande kingine cha mpundu kilikwenda Unguja. Mtu akiingia Kanisa Kuu la Kristo, Mkunazini, atakuta karibu na madhabahu msalaba wa mbao, usio mkubwa sana, uliochongwa kutokana na mti uliozikiwa moyo wa Livingstone. Jengo lenyewe lina visa vyake. Soko la watumwa lilifungwa Juni 1873, baada ya Sultani Barghash kutia saini mkataba na Waingereza, wiki chache tu baada ya kifo cha Livingstone kijijini kwa Chitambo, habari ambayo marehemu hakuisikia. Jiwe la msingi la kanisa liliwekwa hapohapo sokoni siku ya Krismasi ya mwaka huo. Aliyesimamia ujenzi alikuwa Edward Steere, askofu na mfasiri, ambaye Kiswahili cha maandishi kina deni kwake la shukrani na pengine la hasira kidogo. Paa alilolibuni ni tao la saruji na mawe ya matumbawe yaliyopondwa, na wengi walitabiri kwamba lingemwangukia. Halikuanguka. Nguzo chache karibu na mlango, ambazo mafundi walizisimamisha kichwa chini yeye akiwa hayupo, ziko hivyo hadi leo.

Kwa mapokeo ya kanisa, madhabahu yamejengwa mahali uliposimama mti wa kuchapia watumwa. Duara la marumaru nyeupe lililozungukwa na nyekundu ndilo linaloonyesha mahali hapo. Kwa hiyo jengo hilo lina miti miwili. Mmoja ulichukiwa kiasi kwamba hakuna aliyetaka kuona ubao wake, kilichobaki ni mahali tu, pamefunikwa kwa jiwe. Mwingine ulipendwa, na kilichobaki ni ubao tu, mahali pake pako mbali kabisa, Zambia. Ukisimama hapo unaweza kuona vyote viwili bila kugeuza kichwa. Sijui fundi aliyeuchonga msalaba alikuwa mpana wa mawazo kiasi gani, lakini kazi yake ina adabu: haina nakshi za kujionyesha, haishindani na mti.

Susi na Chuma walirudi Unguja na wakafanya kazi ya kuongoza misafara ya wamisionari na wasafiri wengine. Chuma alikufa huko mwaka 1882. Susi alibatizwa mwaka 1886 kwa jina la David, akafa mwaka 1891. Wainwright alikufa Urambo mwaka 1892. Hakuna kati yao aliyeuona mti ukikatwa wala msalaba ukitundikwa. Yule aliyeishika kamba ya jeneza Westminster alirudi kuishi maisha ya kuhangaika, na mti aliouchonga ukapanda meli baada yake na kupokewa kwa heshima kubwa kuliko yeye.

Mafundi wa kwetu wana tabia ambayo wasomi wa makumbusho wangeiga. Akishamaliza kigoda cha mti wa familia, hukigeuza chini juu na kumuuliza mwenye mti aandike nini kwenye upande usioonekana. Wengine husema jina la aliyeupanda. Wengine mwaka ulipoanguka. Wapo wanaosema "acha hivyo hivyo," na baada ya miaka 20 kigoda kiko kwa mjukuu Mwanza au Dar es Salaam, kinakaliwa, na hakuna anayejua kuwa kilikuwa mti.

Msalaba wa Mkunazini hauna jina lililochongwa. Mwongozaji wageni ndiye anayeujalizia hadithi, na hadithi anayoisimulia siku zote huanza na kuishia kwa Livingstone, kwa sababu ndiye aliyewaleta watalii. Kipande kilichokwenda London ndicho chenye maandishi, yaliyochongwa kwa kisu na mtu aliyejua kwamba msafara wake utaondoka kesho na huenda asirudi. Chini ya jina la Livingstone na tarehe ile inayobishaniwa, herufi za Wainwright bado zimo ndani ya ubao: Yazuza, Mniasere, Vchopere.